Kanuni na Majibizano: Tafakuri juu ya Mgogoro wa Ushairi wa Kiswahili

1. Utangulizi

Kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hufika siku moja mbele ya swali hili la mtihani: je, utungo usio na vina wala mizani ni shairi, au si shairi? Jibu linalotarajiwa linajulikana. Mwanafunzi hueleza kwamba kuna wanamapokeo na kuna wanamabadiliko, hutaja hoja za hawa na za wale, kisha humaliza kwa kusema kwamba kila upande una ukweli wake. Hupata alama zake na swali hufungwa hadi mwaka unaofuata.

Makala haya hayakusudii kulirudia jibu hilo. Yanakusudia kuuliza swali jingine, ambalo kwa maoni yangu limefichwa na lile la kwanza. Washairi wa Kiswahili, hasa wale wa magazetini, walikuwa na bado ni jumuiya ya watu wanaotunga kwa mapenzi tu. Hawakuishi kwa kalamu. Katika jumuiya ya namna hiyo, ukali wa kanuni una uhusiano gani na uhuru wa kujadiliana? Wengi wetu hudhani kwamba ukali huua majadiliano na kwamba ulegevu huyahuisha. Nitajaribu kuonyesha kwamba historia ya ushairi wetu haikubaliani na dhana hiyo. Kwa muda mrefu kanuni kali ndizo zilizowawezesha watu kujibizana. Zilianza kuzuia majibizano pale zilipoacha kupima utungo na kuanza kumpima mtu. Aidha, nitajaribu kuonyesha kwamba wale waliozivunja kanuni hizo walibomoa pia baraza la kujibiana, na hawakujenga jingine mahali pake.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Kongo kuliko tunavyofikiri, na nitalifikia kabla ya kumaliza.

2. Ukurasa wa mashairi

Majibizano kwa mashairi ni ya kale. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, alijibizana na watunzi wa Lamu, akiwemo Zahidi Mngumi, wakati miji hiyo miwili ilipokuwa ikivutana kwa siasa na hata kwa silaha. Washindani hao walitishana, walikejeliana na walifumbiana mafumbo. Hata hivyo, wote walishika umbo lile lile: ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani 16 iliyogawanyika nane kwa nane, kina kimoja katikati na kimoja mwishoni. Walitofautiana katika kila jambo isipokuwa hilo. Aliyeweza kujibu kwa umbo lile alistahili kusikilizwa hata na adui yake.

Utaratibu huo ulihamia katika magazeti. Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923 na serikali ya kikoloni ya Tanganyika, liliwapa wasomaji wake nafasi ya mashairi, na magazeti mengine yaliyofuata yakafanya vivyo hivyo. Waliotuma mashairi walikuwa watu wa kazi nyingine. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha. Mathias Mnyampala alikuwa mtumishi wa serikali. Jioni, baada ya kazi, mtu alikaa akahesabu silabi kwa vidole, akapeleka utungo wake, kisha akangoja.

Alichongoja si kusifiwa tu. Alingoja jibu. Mshairi aliuliza swali au alifumba fumbo, na kiitikio chake kilibeba kiini cha hoja. Mjibu aliyetoka mji mwingine, ambaye hajawahi kumwona, alikichukua kiitikio kile kile akakipindua. Msomaji aliyefuatilia alijua mara moja nani amejibu na nani amekwepa, kwa sababu hoja mbili zilivaa nguo moja. Hapa ndipo tunapoona kazi halisi ya kanuni. Mizani na vina vilikuwa pambo la utungo, lakini pia vilikuwa adabu ya baraza. Mhariri hakuhitaji kujua ukoo wa mtunzi, dini yake wala cheo chake. Alihitaji kujua kuhesabu.

3. Kitabu cha mwaka 1954

Ni katika mwanga huo kwamba ningependa tukisome tena kitabu cha Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotoka mwaka 1954. Kitabu hiki mara nyingi hutajwa kama ngome ya ukali. Jina lenyewe lataja sheria, na mwandishi wake alikuja kuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika kabla ya kufariki mwaka 1964. Wanafunzi wetu humwona kama askari aliyesimama mlangoni.

Lakini tukumbuke alikotoka. Amri Abedi alizaliwa Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, akitazamana na Kongo. Hakuzaliwa Lamu wala Mombasa, ambako kunga za utunzi zilirithiwa katika nyumba za masheha na masharifu, na ambako kijana alijifunza kwa kusikiliza miaka mingi bila kitabu. Mnyampala naye, aliyeleta ngonjera na kuwa miongoni mwa viongozi wa chama cha washairi cha UKUTA, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Watu hawa wawili wa bara waliingia katika ushairi wa Kiswahili kupitia kanuni, na mmoja wao aliziandika ili wengine waweze kuingia. Kunga iliyokuwa siri ya wenyewe iligeuka kuwa somo ambalo mwalimu wa Tabora au karani wa Kigoma aliweza kujifunza kwa kununua kijitabu.

Kwa hiyo kanuni iliyoandikwa, hata ikiwa kali, ina ukarimu wake. Humwambia mgeni: fanya hivi na hivi, nawe utakuwa mwenzetu. Kanuni isiyoandikwa ndiyo yenye hila, maana mgeni hukataliwa bila kuambiwa alipokosea. Hoja hii husahauliwa sana na wanaosifu ulegevu. Mahali pasipo na sheria inayosemwa, mara nyingi pana sheria isiyosemwa, na hiyo huwanufaisha wenyeji tu.

4. Hukumu ya "si shairi"

Iwapo kanuni zilikuwa na ukarimu huo, ugomvi ulitoka wapi? Kwa maoni yangu ulitoka katika neno moja dogo: "si".

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe na kufariki mwaka 2020, alichapisha diwani yake Kichomi. Ndani yake mlikuwa na tungo zisizofuata urari wa vina na mizani. Katika utangulizi alieleza kusudi lake: kuileta lugha ya ushairi karibu na lugha ya watu katika mazungumzo yao ya kila siku. Hapo palikuwa na nafasi ya mabishano mazuri. Mtu angeweza kumwuliza: Je, lugha ya kila siku haina mapigo yake? Ukiondoa vina, ni kitu gani kinachomfanya msikilizaji akumbuke? Mshororo wako unakatika hapa kwa sababu gani? Baadhi ya wahakiki waliuliza maswali ya namna hiyo. Lakini sauti iliyovuma kuliko zote ilikuwa ile iliyosema kwamba tungo hizo si mashairi.

Tuzingatie tofauti ya kauli mbili. Anayesema "shairi hili ni baya" amejifunga. Sharti aonyeshe ubaya uko wapi, naye mtunzi anaweza kumjibu. Anayesema "hili si shairi" amejifungua mwenyewe na amemfunga mwenzake. Hadaiwi hoja yoyote, kwa kuwa kisicho shairi hakihitaji kusomwa na washairi. Kauli ya kwanza huanzisha mazungumzo. Ya pili huyamaliza kabla hayajaanza.

La kusikitisha zaidi ni kwamba mapokeo yenyewe hayakuwa na ufinyu huo. Washairi wa jadi wana neno "guni", yaani shairi lililopungukiwa katika vina au mizani. Guni ni shairi lenye kasoro, lakini limehesabiwa bado katika ukoo wa mashairi, kama vile mtoto kilema anavyobaki kuwa mtoto wa nyumba. Isitoshe, mizani 16 haikuwa kipimo pekee. Utenzi huenda kwa mizani nane. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir huenda kwa mizani 10, sita kisha nne. Wazee wa mwambao walijua bahari nyingi za tungo, jambo alilolieleza kwa kirefu Ibrahim Noor Shariff katika Tungo Zetu mwaka 1988, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mtetezi wa mapokeo. Aliyechukua umbo moja lililozoeleka magazetini akalifanya kuwa mpaka wa ushairi wote alikuwa mkali kuliko mapokeo aliyodai kuyatetea.

5. Upande wa pili nao

Ingekuwa rahisi kuishia hapa na kuwapa ushindi wanamabadiliko. Haki hainiruhusu.

Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi walichapisha Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakatoa fasili ya ushairi isiyotegemea vina na mizani kama masharti ya lazima. Walionyesha kwamba kanuni zina historia, na kwamba kilicho na historia kinaweza kubadilika. Hoja hiyo ni nzito na mimi ninaikubali. Lakini tuangalie ilitolewa wapi na kwa njia gani. Ilitolewa katika kitabu cha wasomi wa Chuo Kikuu, kwa lugha ya nadharia. Malenga wa gazetini aliyezoea kujibu kwa beti nane alijikuta anaulizwa swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa beti. Ilibidi ama anyamaze, ama aandike kitabu, kama alivyofanya Jumanne Mayoka katika Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka mwaka 1986. Wengi hawakuwa na nafasi hiyo.

Pia kuna jambo la umbo lenyewe. Shairi huru, hata likiwa zuri kiasi gani, ni vigumu kulijibu kwa shairi. Halina kiitikio cha kupindua, wala vina vya kuvaa. Tungo nyingi za Kezilahabi humwacha msomaji na upweke wa mtu anayewaza peke yake, na huo ni ubora wake. Lakini upweke si baraza. Uhuru wa mtunzi mmoja umeongezeka, na mazungumzo kati ya watunzi yamepungua. Leo mashairi huru hufundishwa shuleni bega kwa bega na yale ya arudhi, na hilo ni jambo jema. Ila nauliza: ni wangapi kati ya wanaoyasoma darasani wamewahi kumjibu mtunzi wake kwa utungo?

Vilevile dai kwamba umbo kali hubana fikra halisimami mbele ya mfano wa Abdilatif Abdalla. Diwani yake Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973, ilitungwa gerezani nchini Kenya, ambako alifungwa kwa sababu ya kijarida alichoandika kuipinga serikali. Alishika arudhi za jadi na lahaja ya kwao, Kimvita. Hakuna anayeweza kusema kwamba vina vilimzuia kunena. Pengine vilimsaidia, maana mtu asiyeruhusiwa karatasi hukumbuka kwa urahisi kile chenye mapigo.

6. Fedha na meza

Sasa nije kwetu. Mishororo hii miwili nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya mfano:

Baba katoka sokoni, hakurejea na fedha,
Mtoto yuko jikoni, anaipangusa meza.

Mizani imetimia: nane kwa nane. Hata mtunzi wa Lubumbashi anayetamka "mutoto" badala ya "mtoto" hapotezi kitu, kwa sababu "m" ya mwambao husimama kama silabi peke yake na huhesabiwa mizani moja, sawa na "mu" yetu. Katika hesabu, basi, utungo huvuka ziwa bila kudhurika. Kina cha kati nacho ni kimoja, "ni". Shida iko kwenye kina cha mwisho: "dha" na "za". Kwa kanuni, hili ni kosa. Lakini mwananchi wa Lubumbashi husema "feza" na "meza". Katika sikio lake vina hivyo vimelingana barabara. Ni hivyo pia kwa "lugha" na "mboga", maana yeye husema "luga". Au "hadithi" na "nafasi", maana yeye husema "hadisi".

Miaka michache iliyopita mwanafunzi aliniletea shairi lenye vina vya aina hiyo. Nilimzungushia kila kimoja kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni: guni. Sikumwuliza anavyolisoma. Hakuleta jingine. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu wakati ule, na makala haya kwa kiasi fulani ni jibu ambalo nilipaswa kumpa.

Je, nilikuwa na haki? Kwa herufi ya kanuni, ndiyo. Kwa msingi wake, sidhani. Amri Abedi mwenyewe aliuweka ushairi pamoja na wimbo: kisichoimbika, kwake, hakikuwa na maana. Kama ushairi ni wimbo, basi kina ni cha sikio, na kanuni ya vina haiwezi kuamuliwa na tahajia. Tena tahajia hiyo ina historia yake. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tahajia iliyotokana na uamuzi huo haionyeshi tofauti za sauti ambazo sikio la Kimvita huzitambua, kama vile "t" ya meno na "t" ya ufizi. Kwa hiyo hata vina vinavyoonekana safi katika maandishi sanifu vinaweza kumkwaruza Mmvita mwenye sikio kali. Kila anayejiita mkali amejisamehe jambo fulani. Tofauti ni kwamba wengine wamepewa msamaha huo na sarufi iliyochapishwa, na sisi bado.

Mtu anaweza kunipinga hivi: kila mji ukitunga kwa sikio lake, nani atamjibu nani? Baraza nililolisifu hapo juu lilisimama juu ya umbo la pamoja. Ukiruhusu "fedha" na "meza" Lubumbashi, kesho utaruhusu kila kitu kila mahali, na mjibizano kati ya miji utakufa. Pingamizi hili lina nguvu, na sitalikwepa. Ninachosema si kwamba vina vilegezwe. Mtunzi wa Lubumbashi anayetunga kwa sikio la Lubumbashi na ashike sikio hilo tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Asiseme "feza" anapohitaji kina na "fedha" anapohitaji heshima. Hapo atakuwa amefungwa na kanuni sawasawa na malenga yeyote wa Mombasa. Na aitangaze kanuni yake, ili msomaji wa mbali ajue anapimwa kwa kipimo gani na aweze kumjibu. Kufanya hivyo ni kurudia, kwa upande wetu, kile alichofanya mtu wa Ujiji mwaka 1954: kuandika kanuni ili mgeni aijue.

7. Hitimisho

Kutokana na haya yote, mgogoro wa ushairi naona umeelezwa vibaya unapoelezwa kama vita kati ya ukali na uhuru. Muyaka na wapinzani wake wa Lamu walikuwa wakali na walijibizana. Wanamabadiliko walikuwa huru, na mara nyingi walizungumza peke yao. Kinachotenganisha baraza hai na baraza lililokufa ni kama anayekataliwa anaambiwa sababu, na kama ana mahali pa kujibu.

Nina pendekezo dogo kwa wenzangu tunaosahihisha tungo za wanafunzi, na kwa jarida hili linalozichapisha mara chache. Asiwepo mtu anayekataa utungo kwa neno moja, liwe "guni" au "si shairi". Aandike sababu, hata kwa mistari mitatu, na mtunzi apewe nafasi ya kujibu mahali pale pale, kwa nathari au kwa beti. Na mtunzi anayevunja kanuni aseme ni ipi anayoivunja na ni ipi anayoishika badala yake. Ukali wa namna hiyo haumfukuzi mtu. Unamchosha kidogo, kama kazi yoyote nzuri.

Yule mwanafunzi amekwisha kuhitimu. Nakala ya shairi lake bado ninayo, pamoja na wino wangu mwekundu juu yake. Nimelisoma tena wiki hii, safari hii kwa sauti, kama tunavyosema mjini. Vina vyote vilikaa mahali pake.